Pedeli Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Asubuhi mawingu mazito, hakuna tone. Joto la kunata.

Nimenunua daftari jipya kwa sababu leo yameanza mambo mawili, na mimi jambo likianza hupenda liwe na tarehe.

La kwanza ni la kazini, kwenye maabara. Wameletwa panya weupe wapya, wadogo, wenye macho kama punje za komamanga. Kazi yangu ni kuwalisha, kuwapima, kuwasafishia vizimba na kuandika wanachofanya. Anayewachunguza ni Profesa.

La pili ni la nyumbani. Mama ameanza dawa. Alikuwa fundi wa kushona tangu kabla sijazaliwa, lakini kwa miaka miwili sasa mikono yake inatetemeka, miguu inagoma mlangoni kama punda, na cherehani limefunikwa shuka. Daktari wa hospitali alimwambia mdogo wangu, aliyempeleka, kwamba kuna kemikali kwenye ubongo wa Mama inayopungua. Inaitwa dopamini. Vidonge hivi vitajifanya ndiyo hiyo kemikali, na mwili utadanganyika. Kimoja saa moja asubuhi, kimoja saa moja jioni.

Mchana Profesa akatueleza utafiti wake, na neno lilikuwa lilelile: dopamini. Nimelisikia katika majengo mawili kwa siku moja, kama jina la mgeni ambaye wote wanamjua isipokuwa mimi.

Saa ya kulala nitakuwa naijaza asubuhi yake, kabla ya kunawa uso. Nimelala saa nne na nusu.

Jumanne, 4 Machi
Manyunyu tangu alfajiri. Vizimba, mizani, pumba. Mama hana mabadiliko. Nimelala saa nne.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua ya kwanza ya kweli. Barabara ya kazini imegeuka mto wa uji.

Panya wamejifunza. Kila kizimba kina taa ndogo, na chini yake kipande cha chuma ambacho sisi wafanyakazi tunakiita pedeli. Taa ikiwaka na panya akakanyaga pedeli, tone la maji ya sukari hudondoka kikombeni. Yuko mmoja mwenye baka la kijivu sikioni, hukanyaga kwa miguu yote miwili ya mbele kama mtu anayegonga mihuri. Chapuchapu, mwenzangu ninayeosha naye vizimba, amempa jina Karani.

Siku za kwanza Karani alisisimka alipoonja sukari. Leo alisisimka taa ilipowaka tu. Shingo juu, masharubu mbele, mwili wote ukasimama kama sikio. Sukari ilipokuja aliinywa bila shughuli.

Profesa ni mwanamke wa makamo anayevaa kandambili ofisini kwa sababu miguu yake huvimba. Alikuwa nyuma yangu.

"Umeona? Mwanzoni dopamini ilipanda alipoonja. Sasa inapanda taa ikiwaka. Sukari yenyewe imekuwa habari ya jana."

"Kwa hiyo anaifurahia taa?"

"Hafurahii kitu hapo, dada. Anaambiwa tu: inakuja, inakuja, bado kidogo."

"Kama mimi na chakula cha mchana," akasema Chapuchapu. "Nikisikia vijiko tu, kazi imekwisha."

Tulicheka. Nimelala saa nne.

Jumapili, 9 Machi
Jua la kudanganya asubuhi, mvua mchana.

Niandike polepole nisisahau. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Akasema, "Nipe sindano."

"Mama, utajichoma."

"Nimesema nipe sindano. Sikuomba ushauri."

Nikampa. Akalamba ncha ya uzi, akafunga jicho moja, akaupitisha. Mara moja! Mkono wake ulitulia hewani kama mkono wa msichana.

Mama Mdogo, yaani mdogo wake Mama anayeishi nasi na kuuza mboga sokoni, aliangua kilio na kicheko kwa pamoja. "Dada, shetani kashindwa! Shetani kashindwa na kidonge kisichofika hata punje ya mahindi!" Akalivuta shuka kutoka kwenye cherehani, vumbi likatufanya wote tupige chafya.

Jioni mdogo wangu akapita na lori lake. Yeye kwa kawaida hukaa nyumbani siku mbili akaondoka siku kumi. Alimletea Mama simu ndogo ya vitufe na kumtegeshea kengele ya dawa.

"Mama Mdogo akichelewa sokoni je? Hii haichelewi. Saa moja asubuhi, saa moja jioni. Ikilia, Mama anameza. Kama Mama Mdogo ameshampa, anaizima tu."

"Kengele yangu mimi ni kichwa changu," akasema Mama Mdogo. "Hakihitaji chaji."

Vidonge vya miezi miwili alivigawa. Nusu kwenye kopo la Mama Mdogo jikoni, nusu kwenye kimkebe kando ya kitanda cha Mama. Mama alimshika shavu. "Asante, baba'ngu." Mkono ulikuwa umetulia. Mtoto mzima wa miaka thelathini akageuka kutazama ukuta.

Nimelala saa sita kasoro, kwa furaha.

Jumatano, 12 Machi
Mvua usiku kucha, bati linaunguruma. Katikati ya usingizi nimesikia kitu kama kifaranga kinalia, kisha mvua ikakifunika. Hatufugi kuku. Nimelala saa nne, nikaamka, nikalala tena.

Jumamosi, 15 Machi
Mawingu. Nguo hazikauki, nyumba inanuka unyevu.

Mama anashona. Amenipunguzia sketi mbili, amemtengenezea Mama Mdogo mfuko wa sokoni, amebandika viraka kwenye mifuko yote ya suruali za mdogo wangu. Jirani alikuja kwa pindo moja akaondoka na nguo tatu. Mama Mdogo anasema tumfunge kamba, la sivyo atatushona na sisi.

Jambo moja dogo. Jioni nilimkuta akifumua ule mfuko wa sokoni alioushona jana. Nikauliza kuna kosa gani. Akasema hakuna kosa. Anataka kuushona vizuri zaidi.

Nimelala saa tano. Cherehani lilikuwa bado linalia.

Alhamisi, 20 Machi
Mvua ya mawe asubuhi, dakika chache tu. Panya wote walijikunyata.

Leo Profesa amewaanzishia nusu ya panya dawa ya kuitia nguvu dopamini. Karani ni mmoja wao. Kabla ya saa moja kupita alikuwa anagonga pedeli bila kungoja taa. Kisha Profesa akafunga maji ya sukari kabisa. Panya wasio na dawa walijaribu mara kadhaa, wakakasirika, wakaenda kulala. Karani aliendelea. Kikombe kikavu. Aligonga, akachungulia, akagonga.

"Labda anaipenda zaidi," nikasema.

Profesa akavuta maji ya sukari kwa kitonezi, akanipa. "Mtilie ulimini mwenyewe. Tazama mdomo."

Panya akionja kitamu hulamba midomo na kutoa ulimi kidogo, kama mtoto. Karani alilamba, lakini hakuwazidi wale wasio na dawa hata chembe.

"Raha yake iko palepale," akasema Profesa. "Iliyoongezeka ni hamu. Watu hudhani ni kitu kimoja kwa sababu hutembea pamoja kama pacha. Ukivitenganisha ndipo unaona hamu ikienda peke yake haijui kurudi nyumbani."

Chapuchapu aliendelea kusugua kizimba kilekile.

Nilitembea nyumbani kwa miguu chini ya mwavuli nikiwaza maneno hayo. Kutoka njia panda nikasikia cherehani letu. Nimelala saa tano na nusu.

Jumatatu, 24 Machi
Mvua. Matope yamefika kizingitini.

Mapazia ya sebuleni hayapo. Mama ameyafumua, yamekuwa vipande, vipande vimeshonwa pamoja upya, na hata hivyo si mapazia. Ni kitu kirefu tu kinachoshuka upande wa pili wa cherehani na kujikunja sakafuni. Uji wa asubuhi ulikuwa kando yake umefanya ngozi juu.

"Mama, hujala."

"Nitakula."

"Unashona nini?"

Hakuinua macho. "Bado kidogo."

Niliinua ncha ya kile kitu kutoka sakafuni. Nikasema tena, "Mama. Hiki ni nini?"

"Si unaona? Nashona."

"Unafurahia?"

Hapo mikono yake ilisimama kidogo, kama ya mtu aliyeulizwa kwa lugha ngeni. Miguu yake, ile iliyokuwa ikigoma mlangoni, haikusimama. Iliendelea juu ya pedeli ya cherehani, mbele nyuma, mbele nyuma.

"Mwanangu, usinicheleweshe," akasema.

Nimelala saa sita.

Jumanne, 25 Machi
Mvua. Shuka la kitanda changu halipo. Nimelala saa sita na robo, juu ya godoro tupu.

Jumatano, 26 Machi
Mvua. Kifaranga tena usiku. Nimemuuliza Mama Mdogo, akasema yeye akilala hata tingatinga halimwamshi. Nimelala saa sita.

Ijumaa, 28 Machi
Hakukunyesha, lakini anga ni ya rangi ya sufuria kuukuu.

Nyayo za Karani zimechubuka. Pedeli ina damu kavu. Chakula chake kiko palepale nilipokiweka, na mizani inasema amepungua. Nilimwita Profesa. Aliangalia, akasonya kwa uchungu. "Mwondoe kwenye dawa leo. Ametuonyesha tulichotaka kuona, tusimmalize."

Jioni mdogo wangu alikuwa nyumbani. Nikamwita uani.

"Hizi dawa hazimfai Mama. Turudi kwa daktari."

"Hazimfai? Dada, mwezi uliopita tulikuwa tunamnywesha kwa kijiko! Uliomba mikono, umepewa mikono. Sasa unalalamika mikono inafanya kazi."

"Hali. Halali. Anafumua nyumba."

"Mshonaji anashona. Ungemkuta anaendesha ndege ningeshtuka."

"Yupo panya mmoja kazini…"

"Mama si panya!" Alipiga ukuta kwa kiganja. Kisha akapunguza sauti, maana dirisha lilikuwa wazi. "Usimfananishe Mama na panya. Kesho kutwa utaniambia tumpe na pumba."

Mama Mdogo akatoka na beseni, akasimama kati yetu. "Wagomvi, sogeeni, nakausha vyombo." Lakini mikono yake haikugusa chombo. Akanong'ona, "Jana nimemkuta ameshika blanketi la mtoto wa jirani. Sijui alilitoa wapi. Nimelirudisha nikasema limepeperushwa na upepo."

Mdogo wangu aliligeukia dirisha. Ndani cherehani halikukatika.

Nimelala saa saba kasoro.

Jumapili, 30 Machi
Mvua asubuhi, ikakatika saa nne. Ukimya mkubwa baada yake, matone ya mwisho yakitoka kwenye bati moja moja.

Mama Mdogo alikuwa sokoni na mdogo wangu alikuwa gereji kubadilisha tairi la lori. Nilibaki na Mama. Kwa kawaida Jumapili mchana mimi hufua kisimani, lakini leo niliamua kukaa mbele yake kabisa, sebuleni, nikimenya viazi. Nilitaka kumtazama kama ninavyowatazama wengine. Naandika hivyo kwa aibu.

Alikuwa anashona gauni lake la buluu, lile alilovaa siku tuliyomzika baba. Amelikata vipande vyembamba. Hilo gauni lilikuwa kwenye karatasi ndani ya sanduku, na sisi watoto hatukuruhusiwa hata kulipigia pasi.

Nilisikia mlio usio wa kitambaa. Sindano ya cherehani ilikuwa imeingia kwenye kidole cha shahada, juu ya kucha, ikatokea chini. Mama aliuzungusha mkono wa gurudumu, sindano ikapanda, akakichomoa kidole, akakitazama, akakipangusa kwenye buluu, akarudisha mguu kwenye pedeli.

"Mama!"

"Si kitu."

Nilimshika mkono. Alikuwa na nguvu! Alivutana nami kama mtu anayezuiwa kupanda gari linaloondoka. Damu ilitapakaa kwenye viazi. "Niachie, niachie, bado kidogo tu, niachie."

Na ndipo kifaranga kikalia.

Kililia chumbani kwake, wazi kabisa, maana leo hapakuwa na mvua ya kukifunika. Mama aliacha kuvutana. Shingo ikainuka. Macho yakageukia mlango kabla mwili haujageuka. Nimekaa na Karani tangu msimu uanze, shingo ile naijua.

Nilimfuata. Simu ilikuwa chini ya mto. Aliizima bila kuitazama, akafungua kimkebe, akameza kidonge bila maji. Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba mchana.

"Mama, kidonge cha asubuhi Mama Mdogo alikupa saa moja. Nilikuwepo."

"Hicho ni cha Mama Mdogo. Hiki ni cha kengele."

Nikaichukua simu. Nilitafuta kengele zilizotegeshwa, nikakuta mbili. 1:00 AM. 1:00 PM.

Kazini karatasi zetu zote zina saa za kizungu. Kila siku naitafsiri saa mara mbili, nikiingia na nikitoka, mpaka sihisi tena kwamba natafsiri. Mdogo wangu hana karatasi hizo. Lori lake huondoka saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na moja ni saa kumi na moja. Aliona AM akasoma asubuhi, akaona PM akasoma jioni, akaandika moja na moja. Mtoto mwema. Na kengele ikawa inalia saa saba usiku sisi tukiwa tumelala, na saa saba mchana sisi tukiwa kazini. Mama Mdogo naye hajawahi kukosea hata siku moja. Asubuhi anampa, jioni anampa. Dawa imekwenda maradufu tangu siku ile tuliyocheka na kupiga chafya.

Nilikaa kitandani. Mama alikuwa amesimama, anatazama mlangoni, upande wa cherehani.

"Mama, ulijua?"

Alijibu macho yakiwa bado mlangoni.

"Mwanzo sikujua. Nilisema labda daktari ameongeza." Akakifunga kidole kwa pindo la gauni. "Kisha nikajua. Kengele ilikosea, ila ilikosea upande wangu."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe umewahi kulishwa kwa kijiko na mtoto uliyemlisha kwa kijiko?"

Akaongeza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Lakini sasa nashindwa kusimama, mwanangu. Hata nikitaka. Nakaa pale nasema, ukifika ukingoni mwa kitambaa, simama. Nafika. Sisimami."

Nilichukua kimkebe na simu. Aliniona nikivichukua. Hakupinga, ila macho yake yaliifuata mikono yangu hadi mfukoni.

Nimelala saa tisa usiku. Saa saba nilikuwa macho. Simu ilikuwa kwangu na kengele nilikuwa nimeifuta, lakini kupitia ukuta nilisikia kitanda chake kinalia mara moja, kama mtu aliyeketi ghafla.

Jumatatu, 31 Machi
Mvua nyembamba. Niliomba ruhusa kazini.

Tulikwenda hospitali wote wanne, tumebanana kwenye lori. Daktari ni kijana mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alimsikiliza Mama mpaka mwisho, akakitazama kidole.

"Nilisema tangu mwanzo," akamwambia mdogo wangu bila ukali, "akianza jambo asiloweza kuliacha, mnirudishie haraka."

"Ulisema kamari, daktari. Ulisema akianza kununua hovyo au kucheza kamari. Kushona hukusema! Mama yangu ni fundi!"

"Ubongo huchukua unachokijua. Mwingine hupanga mawe. Mwingine hufungua redio akaifunga. Hata kwa kipimo sahihi huwatokea baadhi ya watu. Kwa maradufu…" Akaeleza kwamba dawa haikatwi ghafla, mwili unaweza kuganda. Itashushwa ngazi kwa ngazi, na vidonge vyote vikae kwangu.

"Mikono itatetemeka?" Mama akauliza.

"Itatetemeka kiasi."

"Kiasi cha nani?"

Daktari aliiweka kalamu chini. Nilimheshimu kwa kutotunga jibu.

Nje, mdogo wangu alikaa kwenye benchi mvua ikimpiga. "AM si asubuhi, dada?"

"Ni asubuhi. Ila asubuhi yao huanza usiku wa manane."

"Mimi nimempa Mama sumu kwa herufi mbili."

Mama alimsikia. Akamgonga kichwani kwa mkoba. "Inuka, utaugua, na mimi sina mikono ya kukuuguza."

Hakuna aliyecheka. Nimelala saa nane.

Jumatano, 2 Aprili
Mvua. Mikono imeanza, mchana. Kikombe kimevunjika. Nimelala saa nane.

Alhamisi, 3 Aprili
Mvua. Mdogo wangu ameuvua mkanda wa cherehani na kuondoka nao safarini, kwenye kiti cha lori, kama anayesafirisha nyoka. Mama hakusema naye alipoaga. Nimelala saa nane na nusu.

Ijumaa, 4 Aprili
Mawingu yamepanda juu, upepo mkavu kidogo.

Nyayo za Karani zimepona. Leo nilimrudisha kwenye kizimba cha majaribio, bila dawa na bila sukari. Taa ikawaka. Alifika kwenye pedeli kabla sijafunga mlango.

"Dawa si imeshatoka mwilini?" nikamuuliza Profesa.

"Imetoka."

"Sasa anagonga nini?"

Aliivua kandambili moja, akaukanda unyayo wake. "Dawa hutoka, dada. Njia iliyochimbwa haitoki. Inaota majani tu, Mungu akijalia." Kisha akaniangalia vizuri. "Nyumbani kuna nini?"

Nikamwambia yote. Hakunifundisha kitu. Aliniuliza tu Mama anapenda nini. Nikasema alikuwa anapenda chai ya sukari nyingi, akiinywa alikuwa akifumba macho. Lakini tangu Machi haiombi, na mimi, kwa kuwa haiombi, nimeacha kumpikia.

"Hamu imekwenda kwingine," akasema. "Ulimi haujakwenda popote."

Nimelala saa tisa kasoro.

Jumatatu, 7 Aprili
Jua. Ardhi inatoa mvuke.

Utafiti umefika mwisho, na Profesa anahitaji kuona bongo za panya. Wanaofanya kazi kama yangu wanajua maana yake. Hufanywa kwa utaratibu na bila maumivu, lakini hufanywa. Nilimbeba Karani mwenyewe. Kabla ya mlango nilimtilia tone la sukari ulimini. Alilamba midomo, akatoa ulimi kidogo, kama mtoto.

Chapuchapu aliosha kizimba chake bila mzaha wowote. Akaniuliza, "Taa nizime?" Nikamwambia zima.

Nimelala saa tisa.

Jumanne, 8 Aprili
Asubuhi anga safi kabisa. Msimu umekwisha, nadhani.

Siku nzima nyumba ilikuwa tulivu. Mama alikaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, kila mmoja ukimtikisa mwenzake. Mama Mdogo alimlisha. Alimeza kila kijiko bila kusema kitu, macho kwenye cherehani lililofunikwa shuka.

Usiku hapakuwa na sauti yoyote juu ya bati. Nilikuwa nimelala chali nikiusikiliza ukuta. Kengele haipo tena. Saa saba ilipofika kitanda chake kililia, miguu ikateremka, kandambili zikaburuzika hadi sebuleni. Kisha nikasikia pedeli.

Haikuwa na mkanda. Haikuwa na uzi wala kitambaa. Ilikuwa chuma tu, mbele nyuma, mbele nyuma, gurudumu la juu likiwa limesimama.

Sikumkimbilia. Nilipita jikoni nikawasha jiko, nikapika chai nzito, nikatia sukari ya vijiko vyake vya zamani. Nilimkuta amekaa gizani wima, shuka bado liko juu ya cherehani, mikono inatetemeka juu ya shuka, miguu inafanya kazi chini yake.

"Mama, nimeleta chai."

"Bado kidogo."

"Najua. Wewe endelea."

Nilimshikia kikombe mdomoni. Mwanzo ilimwagika kidevuni. Nikangoja, nikajaribu tena. Akanywa. Nikaona midomo yake ikijilamba, polepole, na macho yakafumba.

"Tamu," akasema.

Ni neno la kwanza la namna hiyo nimelisikia kwake tangu mvua zianze. Miguu ilikuwa imesimama. Nilikishikilia kikombe palepale. Alikunywa tena, akaniuliza, kwa sauti yake ya siku zote, kama sukari iliyobaki inatosha wiki. Nikasema inatosha. Akasema nisiwe naipakua kama mchanga.

Kikombe kilipobaki tupu aliinua shingo kidogo, kuelekea chumbani, mahali simu ilipokuwa ikikaa. Mguu wa kulia ukaanza, wa kushoto ukaufuata.

Nilikaa naye, bega kwa bega, hadi nikawa nasinzia. Akanifukuza. "Nenda ukalale, mwanangu, una kazi kesho. Mimi naja sasa hivi."

Nimelala saa kumi na nusu alfajiri. Pedeli sijui ililala saa ngapi.